Tusiiruke Sehemu ya Tatu

Katika falsafa tunamsoma Plato kwa tafsiri, na hakuna anayeshangaa. Lakini frateri akishika kitabu cha Kitamil, huulizwa mara moja: wewe na Wahindi wapi na wapi? Jibu langu ni Tirukkural.

Hiki ni kitabu cha kale cha hekima, kinachohesabiwa kuwa cha Tiruvalluvar, kutoka kusini mwa India. Kina sura 133 na beti 1,330 za mistari miwili miwili, katika sehemu tatu: maadili, mali na utawala, kisha mapenzi. Mwaka 1730 Padre Constanzo Beschi, Myesuiti wa Italia, alikitafsiri kwa Kilatini. Alikimudu Kitamil hata akatunga kwa lugha hiyo utenzi mrefu wa Mtakatifu Yosefu, Tembavani. Hata hivyo, alitafsiri sehemu mbili tu. Ile ya mapenzi aliiacha, akiona haimfai mmisionari. Mchungaji Mwanglikana, G. U. Pope, alikitoa chote kwa Kiingereza mwaka 1886.

Namheshimu Beschi, ila hapa sikubaliani naye. Huwezi kumsikiliza mtu huku umemziba nusu ya mdomo. Biblia yetu yenyewe ina Wimbo Ulio Bora, na Kanisa halikuutoa.

Jambo hili linatuhusu hata sisi wa Nanganga. Methali za Wamwera na Wamakua tunazichukua kwa furaha kupamba mahubiri. Mafundisho ya jando na unyago kuhusu mwili na ndoa tunayapita kimya. Halafu wachumba wanapokuja parokiani kwa mafundisho ya ndoa, tunaanza kana kwamba hawajawahi kufundwa na mtu. Si kila kinachosemwa unyagoni ni cha kupokelewa, lakini utapimaje usichokisikia?

Kazi ya kutafsiri si ngeni kwetu. Mwalimu Nyerere alitupa Julius Caesar kwa Kiswahili mwaka 1963, na tenzi zake za Biblia zilichapishwa mwaka 1996 na Wabenedikto wa Ndanda na Peramiho. Ndanda ni jirani zetu.

Basi mafrateri wenzangu, likizo ijayo tukae na wazee. Kwa ruhusa yao, tuandike wanachofundisha kuhusu ndoa, kwa lugha yao na kwa Kiswahili, bila kuchagua yanayotupendeza tu. Padre atakayeruka sehemu ya tatu ya maisha ya waamini wake atawahubiria watu asiowajua.