Kikwembe Kimoja, Mifuko Minne: Wito kwa Watu wa Kalemie

Mama na papa wa Kalemie, vijana, walimu, mafundi wa nguo: karibu kila sanduku katika mji huu lina kikwembe kisichovaliwa tena. Kimepauka, au kimechanika pembeni, au kilinunuliwa kwa harusi fulani na harusi yenyewe imeshapita miaka mingi. Naomba kikwembe hicho kitoke sandukuni, kikatwe, kishonwe mfuko wa kwendea sokoni, na mfuko huo uwe mkononi mwenu kabla mvua hazijakolea.

Mvua zetu huanza Oktoba. Maji ya kwanza yanapoteremka kutoka vilimani kwenda Ziwa Tanganyika, husomba kila kilichotupwa wakati wa kiangazi, na ndani yake sasheti za plastiki hazikosi. Huingia mitaroni zikashikamana na matope, maji yakakosa njia, yakatuama uani na barabarani. Kipindupindu tunakijua, kimeingia katika nyumba zetu. Hakuna mzazi hapa anayehitaji kuelezwa hatari ya maji machafu yanayokaa karibu na mahali watoto wanapochota. Tena mwaka 2021 na mwaka 2024 tuliliona ziwa lenyewe likipanda na kuingia katika nyumba za watu. Kupanda huko kulitokana na mvua kubwa, sasheti hazikukuleta. Lakini mji unaosukumwa na ziwa kwa mbele utapona vipi ikiwa mitaro yake imezibwa kwa nyuma?

Na ziwa hili si kama mto, ambao hupokea uchafu leo na kuupeleka mbali kesho. Kina chake kinafika mita 1,470, na katika urefu wake wote mto unaotoka ni mmoja tu, Lukuga yetu, unaopita hapa mjini ukielekea Lualaba. Maji yake mengi huondoka kwa njia ya mvuke, yakipanda juu taratibu kwa jua. Plastiki haipandi na mvuke. Inabaki humo humo, ikikatika vipande vidogo zaidi na zaidi, katika maji yale yale ambamo ndagala na mikebuka wanazaliana.

Sheria ipo. Amri namba 17/018 ya tarehe 30 Desemba 2017 ilikataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko na sasheti za plastiki katika Kongo nzima. Jirani zetu wamefanya vivyo hivyo: Rwanda tangu 2008, Kenya Agosti 2017, na ng'ambo ya ziwa, Tanzania, tangu tarehe 1 Juni 2019. Mfanyabiashara anayetoka hapa kwa boti kwenda Kigoma anajua kwamba mfuko wa plastiki anauacha nyuma. Akirudi nyumbani, anapewa sasheti tena. Kwa maoni yangu, amri yetu ilikwama kwa sababu moja ya wazi: iliondoa sasheti kwenye karatasi bila kumpa mama wa soko kitu kingine cha kumfungia mteja wake unga. Kitu hicho tunaweza kukishona sisi wenyewe, jioni moja, bila kungoja Kinshasa.

Tazameni hesabu yake. Kikwembe cha yadi mbili kina urefu wa karibu sentimita 180 na upana wa karibu 115. Kata vipande vinne, kila kimoja upana sentimita 40 na urefu 90. Utabaki na utepe mrefu wa upana wa sentimita 35 hivi. Ukate mikanda minane, kila mmoja sentimita 60 kwa 10. Hiyo ni mifuko minne, na mabaki madogo tu. Kikiwa kimechakaa katikati, pata miwili au mitatu. Hata mmoja si haba.

Kunja kipande katikati ili chini pasiwe na mshono, maana hapo ndipo uzito wote unakaa. Pande mbili zishone mara mbili: kwanza upande mzuri ukiwa nje, nusu sentimita kutoka ukingoni, kisha geuza mfuko ndani nje, ushone tena sentimita moja kutoka ukingoni. Nyuzi zote zilizokatwa zitafungiwa ndani ya mshono, wala kitambaa hakitafumuka kikifuliwa. Mdomo ukunje sentimita moja, halafu tatu, upate pindo nene. Mkanda ukunje kwa upana upate tabaka nne, uushone kingo zote mbili, kisha ncha zake uziingize chini ya pindo na kuzishona kwa umbo la mraba lenye msalaba ndani. Usipitishe mstari mmoja ukaridhika: mkanda ndio unaokatika kwanza, na unga ukimwagika njiani mama hatauamini mfuko wa kitambaa tena. Asiye na mashine achukue sindano na uzi uliokunjwa mara mbili, ashone kwa kurudi nyuma kila hatua. Ni polepole, lakini mshono huo ni imara.

Mfuko huu utabeba unga, mchele, sombe, nyanya, mkate, sabuni na ndagala wakavu. Samaki wabichi wana beseni lao, tuendelee nalo. Na mfuko ufuliwe pamoja na nguo za nyumbani, uanikwe juani.

Mji huu unakijua kitambaa kuliko miji mingi. Filtisaf, ambayo wengi wa vijana wetu wanaijua kama majengo tu, ilikuwa kiwanda cha kusokota na kufuma pamba. Nyuma ya pamba ile kulikuwa na maumivu, kwa kuwa enzi za Wabelgiji wazee wetu vijijini walilazimishwa kuilima. Lakini ujuzi wa mikono uliobaki mjini ni mali yetu halali. Mashine zilinyamaza, na leo mafundi wa Kalemie wanashona vikwembe vinavyotoka mbali, huku vipande vilivyobaki chini ya meza zao vikichomwa moto. Mafundi, msivichome tena. Viunganisheni viwe mifuko, muuze kwa bei ambayo mama wa soko anaimudu.

Nimechagua siku, nayo ni tarehe 31 Oktoba. Huko Marekani na nchi nyingine usiku huo huitwa Halloween: watoto hupita nyumba kwa nyumba na mifuko, mingine imeshonwa na mama zao, wakiomba peremende. Mwaka 1950, huko Philadelphia, watoto walianza kuutumia mzunguko huo kuchangisha senti kwa ajili ya UNICEF, wawasaidie watoto wa mbali. Sioni sababu ya kuchukua vinyago vyao. Mzunguko wa watoto ndio ninaoupenda. Mchana wa siku hiyo, jua likiwa bado juu, watoto wetu wapite kwenye avenyu zao wenyewe, mtu mzima akiwa pamoja nao, kila kundi na mfuko wake wa kitambaa, wakibisha hodi na kuomba kikwembe cha zamani. Mashefu wa avenyu watoe ruhusa mapema. Walimu wanaofundisha kukata na kushona wawape wanafunzi wao mfuko huu kama kazi ya darasa. Parokia, makanisa na misikiti wapokee vitambaa, wavigawe kwa wenye mashine. Na miongoni mwa familia zilizokimbia mapigano vijijini na kukaa pembezoni mwa mji, wamo wanawake wanaojua kushona. Hao tuwape vitambaa na malipo, wasibaki wapokeaji wa misaada tu.

Kisha, siku ya salongo inayofuata, yaani siku ya kazi ya pamoja ya usafi, tusafishe mitaro kama kawaida, na tukitoka hapo twende sokoni tukiwa na mifuko yetu. Muuzaji akinyoosha mkono kuchukua sasheti, mwambie kwa upole: "Mama, weka humu." Mwenye mifuko minne abaki na miwili, mmoja ampe jirani, wa nne afunge nao zawadi ya mtoto anayezaliwa kwenye avenyu yake.