Waulizao Wengine Nao Waulizwe

Katika nchi ya Marekani yako makundi matatu ambayo kazi yao ni kuwauliza wengine. Serikali huwauliza raia kwa sheria. Magazeti huiuliza serikali kwa kalamu. Na vyuo vikuu humwuliza kila mtu, aliye hai na aliyekufa, kwa jina la elimu. Kazi hiyo ni ya heshima, wala mimi si mtu wa kuidharau. Walakini wako Wamarekani, waitwao wahafidhina, ambao kwa zaidi ya miaka sabini wameshikilia swali moja lisilopendeza: Je, hao waulizaji wanapokosa, nani huwauliza? Wengi wetu huku tumezoea kuijua Marekani kwa njia ya magazeti na vyuo vyake hivyo hivyo, basi hatujalisikia swali hilo ila kwa vinywa vya wanaolichukia. Nasema ni swali la haki, ingawa miongoni mwa wanaoliuliza wako watu ambao nisingewaachia hata kikapu cha mayai.

Swali lenyewe si la jana. Mwaka 1951 kijana wa miaka 25, William F. Buckley, alitoa kitabu cha kukilaumu Chuo Kikuu cha Yale, alikosomea. Aliona kwamba wazazi na wahitimu wanatoa fedha, na waalimu wanazitumia kufundisha mambo yanayobomoa imani ya hao hao watoao. Kisha wakiulizwa hujificha nyuma ya uhuru wa elimu. Tarehe 13 Novemba 1969, Makamu wa Rais, Spiro Agnew, alisimama mjini Des Moines akayashambulia mashirika ya televisheni, akasema kwamba watu wachache wasiochaguliwa na yeyote huamua kila usiku mamilioni ya watu wajue nini. Agnew huyo huyo alijiuzulu mwaka 1973 kwa kesi ya kodi, na adui zake wakafurahi kana kwamba kosa la msemaji limefuta msemo. Halikuufuta. Mwizi akikuambia kwamba nyumba yako inaungua, toka nje kwanza. Habari ya wizi wake itangojea.

Lakini maneno ya jumla hayashibishi. Natwaa kisa kimoja ambacho ndani yake serikali, magazeti na chuo kikuu vilikosa pamoja, ili tuone ni nani aliyetoa hesabu.

Mwezi Machi 2006, mjini Durham katika jimbo la North Carolina, vijana wa timu ya lakrosi ya Chuo Kikuu cha Duke walifanya karamu ya ulevi, wakawakodi wanawake wawili waje kuwachezea. (Lakrosi ni mchezo wa mpira unaodakwa na kurushwa kwa fimbo yenye wavu.) Mmoja wa wanawake hao alisema kwamba amenajisiwa. Yeye alikuwa mweusi, tena maskini. Vijana wale walikuwa weupe karibu wote, na wengi wao wa jamaa zenye mali. Tuhuma kama hiyo ni nzito, na mwenye kuitoa anastahili kusikilizwa hata mwisho wa maneno yake. Lakini kusikiliza ni jambo moja, na kuhukumu ni jambo jingine.

Mwendesha mashtaka wa mji huo, Mike Nifong, alikuwa katika mbio za kutetea kiti chake, na kura ya chama chake ilikuwa mwezi Mei. Alisimama mbele ya waandishi wa habari, mara hii na mara ile, akatangaza kwamba uhalifu umetendeka. Vijana watatu wakashtakiwa. Maabara ilipopima vielelezo iligundua alama za wanaume wengine, wasio wa timu ile kabisa. Na habari hiyo, ambayo mshtaki aliijua, haikutiwa katika ripoti waliyopewa mawakili wa washtakiwa.

Magazeti yaliyakuta mambo yaliyokwisha pikwa: tajiri na maskini, mweupe na mweusi, chuo cha fahari na mtaa wa dhiki. Nani angetaka kuharibu hadithi tamu kama hiyo kwa kuuliza saa na mahali? Hata mwezi Agosti, baada ya mashaka mengi kujitokeza, gazeti la The New York Times lilichapa makala ndefu iliyoona kwamba ushahidi uliopo ulitosha kuipeleka kesi mbele ya baraza la mahakama. Nako chuoni, mwezi Aprili, waalimu 88 walikuwa wameweka majina yao chini ya tangazo katika gazeti la wanafunzi, wakiwashukuru walioandamana bila kungoja. Bila kungoja! Watu ambao mshahara wao wote hulipwa ili wawafundishe vijana kungoja ushahidi. Chuo kikafuta michezo ya timu iliyobaki msimu ule, na mwalimu wa timu akalazimika kuondoka.

Tarehe 11 Aprili 2007 mwanasheria mkuu wa jimbo, Roy Cooper, aliyafuta mashtaka yote. Hakusema kwamba ushahidi haukutosha; alisema kwamba vijana wale hawana hatia. Miaka ikapita, na mwezi Desemba 2024 mwanamke mwenyewe akakiri hadharani kwamba alisema uongo.

Sasa tutazame hesabu. Nifong alinyang'anywa ruhusa ya uwakili mwezi Juni 2007, akalala gerezani siku moja kwa kuidanganya mahakama. Mkuu wa chuo, Richard Brodhead, aliomba radhi mwezi Septemba mwaka ule ule, baada ya chuo kupatana na vijana watatu kwa malipo; akaendelea na ukuu wake hata mwaka 2017. Waalimu wale 88, wengi wao walitia sahihi barua nyingine wakieleza kwamba tangazo lao limefasiriwa vibaya, wala hakuna aliyeondolewa kazini kwa ajili yake. Magazeti yaliendelea na habari za kesho yake.

Wako watakaonijibu kwamba mwandishi na mwalimu wakitishwa, uhuru utakufa. Jibu hilo lina uzito, nami ningelisema kwa sauti kubwa kama ningesikia askari wakibisha mlango wa chumba cha habari. Lakini nani ametaja askari? Nifong hakuhukumiwa na adui zake wa siasa. Alihukumiwa na chama cha mawakili wa jimbo, watu wa kazi yake mwenyewe, wenye kanuni zilizoandikwa na uwezo wa kumwuliza mtu kwa jina lake. Waalimu wa vyuo na wahariri wanazo kanuni nyingi za kuwauliza wengine. Za kuulizana wao kwa wao ni chache, na huwekwa kabatini. Matunda yake yameonekana: kwa hesabu za Gallup, mwaka 1976 Wamarekani 72 katika kila 100 walikuwa na imani na vyombo vya habari; mwaka 2025 walibaki 28.

Na wahafidhina nao, ambao nimewatetea hapa, wasidhani kwamba wamesalimika. Mwaka 2023 televisheni yao waipendayo, Fox, ilikubali kulipa dola milioni 787.5 kwa kampuni ya mashine za kura iliyosingiziwa katika vipindi vyake habari za wizi wa uchaguzi wa 2020. Na sehemu kubwa ya wale waliopiga kelele juu ya Durham ilinyamaza. Mwezi Januari 2025 Rais Trump aliwafukuza kwa usiku mmoja wakaguzi wakuu wapatao 17 wa wizara na idara, watu waliowekwa kwa sheria ya 1978 ili waikague serikali kutoka ndani, wala hakutoa taarifa ya siku 30 ambayo sheria inadai. Hakimu alisema baadaye kwamba sheria ilivunjwa, ila hakuwarudisha. Mtu anayevunja mizani ya soko kwa madai kwamba wachuuzi ni wezi, yeye anataka kupima kwa nini?

Katika kisa cha Durham alikuwako mtu mmoja ambaye hakuwa wa kambi ya wahafidhina, naye ni James Coleman, mwalimu wa sheria katika chuo kile kile, tena mtu mweusi. Kamati aliyoiongoza ilichunguza mwenendo wa timu, na mwezi Mei 2006 ikaandika wazi kwamba vijana wale ni walevi kupita kiasi, na wazi vile vile kwamba haikuona mwenendo wa ubaguzi wa rangi. Mwezi Juni aliandika katika gazeti la jimbo akitaka kesi itolewe mikononi mwa Nifong na kupewa mshtaki mwingine. Ilitolewa mwezi Januari 2007, miezi saba baadaye, Nifong mwenyewe alipoomba kuiacha.