Wokovu wetu usikike hata ndani ya matatu

Jumapili utampata kijana kanisani, mikono juu, machozi yakimtiririka. Ibada ikiisha anapanda matatu, na kwa sababu makanga amechelewa kumrudishia chenji ya shilingi 20, anamtukana hadi gari zima linageuka. Huyo ni Mkristo wa wapi?

Sensa ya 2019 ilionyesha kuwa zaidi ya asilimia 80 ya Wakenya ni Wakristo. Basi matusi mengi tunayoyasikia stejini, sokoni na kwenye magrupu ya WhatsApp yanatoka kwetu wenyewe, tusisingizie watu wengine.

Katika sura ya 3 ya waraka wake, Yakobo anaulinganisha ulimi na usukani mdogo unaoigeuza merikebu kubwa. Pia anakemea kinywa kimoja kumsifu Mungu na kumlaani binadamu aliyeumbwa kwa mfano wake.

Vijana wenzangu, kuongea vizuri na pasta au bosi si kazi ngumu, maana unamhitaji. Kipimo ni vile unavyomwongelesha soja wa geti, mama mboga na dada wa kazi, watu ambao wakikujibu wanaweza kupoteza unga wao.

Sisemi unyamaze ukidhulumiwa. Chenji ni haki yako, idai. Lakini idai bila kumvunjia mtu heshima mbele ya abiria. Huenda makanga huyo asiwahi kukanyaga kanisani kwenu. Mahubiri atakayosikia wiki hiyo ni hayo maneno yako.