Risala ya Wapiga Picha, Wanamuziki na Watengenezaji Filamu wa Mombasa na Lamu kuhusu Alama ya Siri katika Kazi za Kidijitali



Kazi zetu zinaibwa mchana kweupe, nasi tukifika mbele ya hakimu hatuna cha kumwonyesha.

Mwenzetu mmoja alipiga picha ya mashindano ya majahazi Lamu, akaandika jina lake pembeni kama tufanyavyo sote. Baadaye akaikuta kwenye tangazo la hoteli moja ya kitalii. Jina lilikuwa limefutwa kwa programu ya simu, tena kwa pupa: mkia wa herufi ya mwisho ulibaki ukining'inia kwenye pindo la tanga. Alipodai haki yake, aliambiwa alete ushahidi kuwa picha ni yake. Jina na tarehe vilivyohifadhiwa ndani ya faili navyo vilikwisha potea, kwa kuwa mitandao mingi ya kijamii huviondoa picha inapopita humo.

Alama ya kuonekana, basi, haitoshi tena. Ipo alama ya siri. Programu hubadilisha kidogo tu mwangaza wa vitone vya picha, au hutia sauti hafifu mno chini ya muziki, jicho na sikio visitambue, lakini mwenye ufunguo akaisoma. Ikitiwa kwa ustadi, hustahimili picha kupunguzwa ukubwa na wimbo kugeuzwa MP3. Kila nakala pia yaweza kupewa alama yake. Mwaka 2004, Akademia inayotoa tuzo za Oscar nchini Marekani ilimfukuza mwanachama wake baada ya alama kama hiyo kuonyesha kwamba filamu zilizovuja zilitoka kwenye kanda alizotumiwa yeye. Waimbaji wetu wa taarabu hutuma wimbo kwa watu kadhaa kabla ya kuutoa. Ukivuja, kila mmoja huapa si yeye; alama ingeonyesha ni nakala ya nani iliyovuja.

Alama haimzuii mwizi kunakili, hilo tunalijua. Isitoshe, mwizi anaweza kupachika yake juu ya yetu, akasimama mahakamani akadai yeye ndiye mwenye mali. Hapo kitakachotusaidia ni tarehe. Alama isiyo na daftari lenye tarehe haitufai kitu, na hili ndilo tunalolishikilia kuliko yote.

Bodi ya Hakimiliki tayari husajili kazi kwa njia ya mtandao. Tunataka kazi ikisajiliwa itiwe alama papo hapo, yenye namba ya usajili tu, si ya simu wala ya kitambulisho, maana picha huzunguka dunia nzima. Ada iwe ndogo, aimudu hata kijana anayepiga picha za harusi. Programu ya kusomea alama ikae kwa Bodi, asiwepo mdai wa kujisomea mwenyewe.

Sheria ya Hakimiliki ya 2001, kifungu cha 35, inahesabu kuondoa taarifa za kielektroniki za mwenye haki kuwa uvunjaji wa hakimiliki. Sheria tunayo. Tunachokosa ni askari anayejua kulipokea lalamiko hilo, na mwendesha mashtaka anayejua kulifikisha mahakamani. Wafunzwe, pamoja na mahakimu. Magazeti, televisheni na idara za kaunti nazo ziwajibishwe kukagua alama kupitia Bodi kabla ya kutumia picha au wimbo, na zikiikuta zimtafute mwenyewe.

Mafunzo ya askari, waendesha mashtaka na mahakimu yaanzie huku kwetu Pwani, na tarehe ya kuanza tunaomba tuipate leo, kabla mkutano huu haujafungwa.

Tunaomba kuwasilisha.