Roboti Hufunguliwa, Daftari Hubaki

Roboti iliyoundwa na wanafunzi haina maisha marefu. Huundwa kwa miezi, hushindana kwa siku moja au mbili, kisha hufunguliwa skrubu kwa skrubu, mota zikarudi sandukuni na vyuma vikawangoja vijana wa mwaka ujao. Kinachosalia ni daftari la kazi. Juu ya daftari hilo twapenda kusema neno leo, maana twaona ya kuwa wako walimu, wazazi na hata waamuzi wanaolifanya kuwa pambo, na wako wengine wanaolifanya kuwa uongo.

Mfanyakazi yeyote wa mitambo atatuelewa upesi. Aingiaye zamu ya usiku hafungui daftari la zamu kwa kujifurahisha. Alifungua ili ajue ni beringi ipi iliyopata moto mchana, nani aliyeizima mashine, kwa sababu gani, na iliwashwa tena saa ngapi. Ikiwa mwenzake wa mchana hakuandika kitu, au aliandika kwamba mambo yote ni salama ili aliwahi basi, huyu wa usiku aweza kupoteza kidole. Tabia ya kuandika ukweli wa kazi, siku ile ile ya kazi, haianzi kiwandani. Huanza mtu akiwa na miaka kumi na minne, akiwa bado hajui kwamba ipo siku usalama wa mwenziwe utategemea mistari yake mitatu.

Mashindano haya yalitoka Marekani. Mvumbuzi Dean Kamen alianzisha shirika la FIRST mwaka 1989, na mashindano yake ya kwanza ya roboti yakafanyika mwaka 1992 katika jimbo la New Hampshire. Baadaye yakaja mengine, kama yale ya VEX. Na tangu mwaka 2017 yako mashindano ya FIRST Global, ambayo kila taifa hupeleka timu moja, na ya mwaka 2019 yalifanyika Dubai. Vijana wa Afrika Mashariki wamo. Katika VEX roboti ya wanafunzi wa sekondari huanza mchezo ikiwa imekunjwa ndani ya kisanduku cha inchi 18 kila upande, na mchezo wenyewe ni wa dakika 2 tu: sekunde 15 za mwanzo roboti hujiendesha yenyewe kwa programu iliyopewa, na muda uliobaki huendeshwa na wanafunzi. Watu hushangilia dakika hizo mbili. Kazi ya miezi haionekani uwanjani. Imo katika daftari.

Na daftari lenyewe lina adabu zake. Kurasa hutiwa namba. Kila ukurasa huwa na tarehe na jina la aliyeandika. Ukurasa hauchanwi. Neno lililokosewa hupigwa mstari mmoja tu, ili asomaye aone kilichokosewa na kilichowekwa mahali pake. Waamuzi wa VEX hutazama jinsi vijana walivyolieleza tatizo, njia walizozifikiria, sababu ya kuchagua moja na kuziacha nyingine, namna walivyounda, walivyojaribu, na walivyorudi mezani baada ya jaribio kuwashinda. Tuzo yao kubwa, tuzo ya Ubora, haipewi timu isiyo na daftari, hata kama imeshinda michezo yake yote. Sisi twaona kanuni hiyo ni ya haki kabisa.

Tuchukue mfano, ili jambo hili lisibaki hewani. Tuseme timu fulani ina mkono wa kunyanyulia mizigo. Mota inazungusha giya lenye meno 12, nalo linasukuma giya lenye meno 36. Mkono mtupu wapanda kwa sekunde 3. Ukipewa mzigo wasimama katikati na mota yapata moto. Mmoja asema tuweke giya la meno 60. Wajaribu: mzigo wapanda, lakini kwa sekunde 5 na nusu. Mwingine apiga hesabu: tukinyanyua mara 12 katika mchezo mmoja, tumepoteza sekunde 30, yaani robo nzima ya mchezo. Wa tatu, ambaye hakuwa amesema neno tangu asubuhi, afunga raba nne kutoka kwenye mkono hadi kwenye fremu ili zisaidie kuvuta, na giya la meno 36 larudishwa mahali pake. Mkono wapanda na mzigo kwa sekunde 3 na nusu.

Daftari bovu litaandika hivi: "Leo tulitengeneza mkono, ukafanya kazi vizuri sana." Daftari la kweli litakuwa na jaribio lililoshindwa, hesabu ya giya, jina la aliyependekeza meno 60 na sababu ya kumkatalia, jina la aliyeleta raba, na onyo la kwamba raba hulegea na hazina budi kutazamwa kabla ya kila mchezo. Mwaka ujao vijana wengine watakutana na mkono ule ule uliosimama katikati. Wakilifungua la kwanza hawatapata kitu. Wakilifungua la pili wataanzia pale wenzao walipoishia, na siku nzima itakuwa imeokolewa.

Watu wengine hudhani mambo haya ni ya wasomi wakubwa. Na wawatazame ndugu wawili Wilbur na Orville Wright wa mji wa Dayton, jimbo la Ohio. Walikuwa mafundi wa baiskeli, na hakuna hata mmoja wao aliyesoma chuo kikuu. Mwaka 1901 walipeleka ndege yao isiyo na injini kwenye vilima vya mchanga karibu na Kitty Hawk, nayo ikanyanyuka kwa kiasi cha theluthi moja tu ya nguvu waliyoitarajia kwa hesabu. Wangeweza kulaumu upepo. Lakini walikuwa wameandika vipimo vyao, na kwa sababu ya kuviandika wakaanza kuzishuku hesabu zilizopokewa na wote. Ilikuwapo namba moja, ikiitwa kwa jina la mhandisi Mwingereza John Smeaton, ambayo wataalamu walikuwa wameitumia kwa zaidi ya miaka 100, ilikuwa 0.005. Ndugu wale waliporudi nyumbani waliunda sanduku refu la mbao lenye feni, wakapima humo mabawa madogo ya maumbo kama 200, wakaandika kila kipimo. Wakaona kwamba namba ya haki ni kama 0.0033. Ndege yao ya mwaka 1902, iliyoundwa kwa vipimo vyao wenyewe, iliwatii, na tarehe 17 Desemba 1903 wakaruka na injini, mara ya kwanza kwa sekunde 12.

Hapa yafaa msomaji atue kidogo. Mafundi wawili wa baiskeli walipata ujasiri wa kuikataa namba iliyosimama katika vitabu kwa zaidi ya karne. Ujasiri ule ulitoka katika madaftari yao. Mtu asiyeandika hana la kujibu mbele ya kitabu cha mkubwa; atanyamaza, hata kama macho yake yameona vingine.

Na wako waliolipa kwa kutokuyaangalia maandishi. Chombo cha Marekani kilichotumwa kuichunguza sayari ya Mars kilipotea tarehe 23 Septemba 1999, kwa kuwa programu moja ya ardhini ilitoa hesabu kwa vipimo vya Kiingereza vya ratili, nayo nyingine ikazipokea kana kwamba ni vya metriki. Hati ya makubaliano ilikuwa imetaja metriki. Chombo kikashuka chini mno, kikaangamia. Kwa hiyo kijana anayeandika "urefu 18" bila kusema ni inchi au sentimita asichekwe na kuachwa. Na arudishiwe daftari lake aandike upya.

Sasa tuje kwenye ugonjwa wenyewe. Twajua ya kuwa ziko timu ambazo daftari lao huandikwa juma la mwisho kabla ya mashindano. Tarehe hubuniwa, majaribio hubuniwa, na hata makosa hubuniwa, kwa maana waamuzi wanajulikana kupenda kuona kosa lililosahihishwa! Mahali pengine kalamu hushikwa na mwalimu, au na mzazi mwenye kompyuta nzuri. Na siku hizi ipo njia iliyo rahisi zaidi: programu za akili bandia, ambazo ukiziambia zikuandikie kurasa arobaini za kazi ya uhandisi zitakuandikia kabla chai haijapoa, kwa lugha safi, pamoja na majaribio ambayo hayakupata kufanywa na mtu yeyote. Hatuzichukii mashine hizo. Zina kazi zake, na kijana anaweza kuiuliza moja maana ya neno lililomshinda. Lakini ukurasa wa jaribio ambalo halikufanyika ni ushahidi wa uongo, na anayemfundisha mtoto kuuandika amemfundisha kazi ambayo siku moja itatiwa sahihi juu ya daraja au juu ya boila ya mvuke.

Wenye mashindano nao wanalo la kujibu. Katika mashindano ya FIRST Tech Challenge, kuanzia msimu wa 2020–21, waamuzi walianza kudai muhtasari usiozidi kurasa 15 bila jalada badala ya daftari zima. Tunafahamu sababu: waamuzi ni watu wa kujitolea, na hakuna awezaye kusoma madaftari thelathini manene asubuhi moja. Hata hivyo yumo mtu mvivu katika kila timu, naye akisikia kwamba kinachotakiwa ni kurasa 15 ataanza na kumaliza na hizo 15. Muhtasari wa daftari ambalo halipo ni tangazo la biashara.

Liko pia jambo ambalo huonekana dogo, nasi tunaliona kubwa. Mara nyingi timu ikikaa kugawana kazi, wavulana hushika bisibisi na programu, na msichana mwenye mwandiko mzuri huambiwa, "Wewe utaandika daftari." Atapaka rangi vichwa vya habari, atachora mipaka kwa rula, atabandika picha. Mwisho wa msimu atakuwa ameandika kila kitu walichofanya wenziwe na hana kitu alichokifanya mwenyewe. Hii ni dhuluma, ingawa hufanywa kwa maneno ya sifa. Na daftari pia hupata hasara, kwa sababu hakuna awezaye kueleza vizuri kwa nini giya liliteleza isipokuwa yule aliyelishika likiteleza. Kila mwanachama wa timu aandike ya mikono yake, kwa zamu, mwandiko uwe mbaya au mzuri. Na kila anayeandika apewe bisibisi.

Juu ya lugha hatutasema mengi. Sekondari zetu hufundisha kwa Kiingereza, na waamuzi wa mashindano ya nje huwauliza vijana kwa Kiingereza. Sawa. Lakini kijana aliyeona mota ikitoa moshi saa kumi jioni na aandike papo hapo kwa lugha ambayo fikira zake zimekuja nayo. Kutafsiri kwaweza kufanywa Jumamosi. Twaogopa sana lile daftari ambalo mwandishi wake aliacha jambo la kweli kwa kukosa neno lake la Kiingereza, akaandika jambo jingine ambalo neno lake alilijua.

Walimu walezi wa timu hizi, ambao wengi hufanya kazi hiyo baada ya saa za kazi na bila malipo, twawaheshimu, na kwa heshima hiyo twawaomba jambo lisilohitaji fedha. Dakika 15 za mwisho za kila kikao, bisibisi ziwekwe chini na kila mmoja aandike. Mwalimu asome kabla ya kikao kinachofuata, asisahihishe lugha, aulize tu: ulipima mara ngapi? Nani alikuwapo? Mbona hapa hapana kipimo? Nao waamuzi wasitazame jalada wala rangi. Wafungue daftari katikati, wachague ukurasa wenye jaribio lililoshindwa, wamwite mtoto ambaye jina lake limo chini ya ukurasa huo, na wamwombe aeleze bila mwalimu kuwapo.

Na daftari likishajaa lisifungiwe katika kabati la mwalimu mkuu pamoja na vikombe vya ushindi. Liwekwe juu ya meza ya karakana, pale penye bisibisi na sanduku la skrubu, kijana mpya atakayeingia Januari alikute.