Kabla hujapigiwa Windows upya

Jamani, wiki iliyopita nusura nipoteze mahojiano ya saa nzima, sababu ni programu ya kuhariri sauti (jina naliacha). Nilipakua toleo jipya, nikabofya, ule mstari wa kijani ukafika katikati ukasimama. Hitilafu 1714: toleo la zamani haliwezi kuondolewa, wasiliana na kitengo chako cha ufundi.

Kitengo changu cha ufundi! Mwandishi wa kujitegemea mwenye laptopu moja, kitengo hicho ni mimi na shemeji yangu.

Nikajaribu kuliondoa la zamani mwenyewe. Likadai faili lake la .msi, ambalo halipo. La zamani halitoki, jipya haliingii. Nikakimbilia kwa fundi Kariakoo. Hakumaliza hata dakika mbili: "Hapa ni kupiga Windows tu, dada." Na kazi zangu zilizo kwenye deskitopu je? Akanyanyua mabega.

Hapo ndipo ninapogombana na mafundi wetu. Deskitopu kwa kawaida inakaa humo humo kwenye C. Ukifuta C umefuta na sauti ya mtu aliyekubali kuongea nawe mara moja tu, na huenda asirudie tena. Yote hayo kwa programu moja iliyokataa kutoka?

Nikabeba laptopu yangu nikarudi nyumbani kusoma. Kumbe programu nyingi zinapowekwa, Windows huhifadhi nakala ya kifurushi chake kwenye folda iliyofichwa, C:\Windows\Installer. Siku ya kuiondoa, inasoma hapo namna ya kuiondoa. Toleo jipya nalo mara nyingi huanza kwa kuling'oa la zamani kwa nakala hiyo hiyo. Isipoiona, inaitafuta ulikoitoa mara ya kwanza, kwenye CD au folda ya Downloads. Huko nako ikikosa, inagoma.

Na nani aliyeifuta? Mimi! Diski ilijaa, nikaona folda yenye gigabaiti kadhaa, nikadhani takataka.

Nilitafuta kifurushi cha toleo lile lile la zamani, namba kwa namba, jina la faili lile lile. Windows ilipouliza nikaionyesha kilipo, programu ikatoka kistaarabu, jipya likaingia. Ila ukikuta kwenye flashi ya rafiki kile kifaa kinachoitwa Windows Installer CleanUp, achana nacho. Microsoft wenyewe walikiondoa mwaka 2010 kwa sababu kiliweza kuharibu programu nyingine.

Kosa la kufuta nalibeba. Lakini ujumbe ule nao ungeshindwa nini kusema, "nakala ya toleo la zamani imepotea, lete toleo namba fulani"? Kompyuta ilikuwa inajua inachokitafuta. Ikachagua kunituma kwa kitengo cha ufundi, na mimi nikaenda kwa fundi mwenye dawa moja kwa kila ugonjwa.

Mahojiano yapo, nimeyanakili sehemu mbili. Ile folda nimeiacha na gigabaiti zake.