Gari la Mtumba Lisiuzwe Likiwa Kiziwi

MIZANI YA WIKI
Na Hatibu Mwinyimvua

Mnunuzi wa gari la mtumba huikagua injini, akaisikiliza giaboksi, akayapapasa matairi na kuzisoma karatasi za forodha moja baada ya moja, lakini redio aghalabu huipita kwa kudhani kuwa ni anasa isiyostahili hadhari. Na baada ya fedha kulipwa na ufunguo kukabidhiwa, ndipo anapotambua, akiwa njiani baina ya Ubungo na Kibaha, kwamba chombo kile kizuri cha kioo king'aacho hakipati ila vituo vichache, na vingine vyote vya nchi yake havimo. Jambo hili limezoeleka mno hata watu wamelipokea kuwa ni kadari. Nami nasema si kadari: ni upungufu wenye sababu ijulikanayo na dawa ipatikanayo, na ni haki ya mnunuzi kuipata dawa hiyo kabla hajalipa.

Asili ya shida si ubovu wa redio. Magari haya aghalabu hutoka Japani, na Wajapani walipoyagawa masafa yao, FM waliipa nafasi ya megahezi 76 hadi 90, na sehemu iliyo juu yake, 90 hadi 108, wakaipa televisheni. Ilhali sisi, pamoja na Ulaya na Afrika, tumo katika mpango uliokubaliwa Geneva mwaka 1984, ambao uliiwekea FM eneo la megahezi 87.5 hadi 108. Kwa hiyo redio iliyotengenezwa kumhudumia mkazi wa Osaka hukutana na matangazo yetu katika ukanda mwembamba tu, ule ulio chini ya 90. Mkazi wa Dar es Salaam mwenye redio ya namna hiyo ataipata Wasafi FM kwenye 88.9, lakini EFM iliyo kwenye 93.7 haitaonekana katika namba zake, hata akiegesha gari chini ya mnara. Wajapani wenyewe, baada ya kuizima televisheni ya analojia mwezi Julai 2011 katika sehemu kubwa ya nchi yao, waliiongezea FM nafasi hadi 95, na redio za magari ya karibuni zikafuata; walakini toka 95 hadi 108 bado ni masafa mengi, na humo wamejaa watangazaji wetu.

Mafundi wetu hawakukaa kimya. Wametuzoesha ekspanda, kisanduku kidogo kinachowekwa baina ya waya wa antena na redio, ambacho huyapokea matangazo na kuyateremsha kwa kiasi maalumu ili yaangukie mahali ambapo redio ya Kijapani inaweza kuyapokea. Kikiwa kimetengenezwa kuteremsha kwa megahezi 12, kituo cha 93.7 kitasikika pale palipoandikwa 81.7. Ufundi huo ni wa kweli, ila hesabu yake haitimii. FM yetu ina upana wa megahezi 20 na ushei, na nafasi ya redio ile ni 14, hivyo ukiteremsha kwa 12 utavipata vituo vya 88 hadi 102 na kuvikosa vya juu, na ukiteremsha kwa 18 utavipata vya 94 hadi 108 na kuvikosa vya chini. Fauka ya hayo, mwenye gari hulazimika kuhifadhi kichwani namba zisizolingana na zile zinazotajwa na watangazaji, na visanduku hafifu huongeza mkwaruzo wa sauti au kuvirundika vituo viwili mahali pamoja. Ekspanda, basi, imsaidie asiye na uwezo wa zaidi, wala isihesabiwe kuwa ndiyo tiba.

Tiba ni kuiondoa redio ile na kuweka nyingine iliyotengenezwa kwa masafa yetu. Anayefanya hivyo na azingatie mambo machache ambayo fundi mwenye haraka huyapuuza. Redio nyingi za Toyota zina upana wa milimita 200, na zile za kipimo cha kawaida zina 180, kwa hiyo fremu ya kuziba mwanya inunuliwe pamoja na redio. Nyaya za gari zisikatwe, kwa sababu plagi za kuunganishia zinapatikana madukani Kariakoo, na waya uliokatwa na kufungwa kwa gundi ya karatasi ndio chanzo cha fyuzi kuungua. La tatu ndilo linalosahauliwa kuliko yote: antena za magari mengi ya Kijapani zina kikuza mawimbi kinachohitaji umeme wa betri, na fundi asipouunganisha waya wake, redio mpya itanguruma kama mvua ya mbali, na mwenye gari atailaumu redio ilhali kosa ni la waya mmoja.

Huenda msomaji akauliza kwa nini nijishughulishe na redio katika zama ambazo kila abiria ana simu. Najibu kwamba matangazo ya hewani hayadai bando. Toka utangazaji ulipoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1951, na hasa baada ya sheria ya mwaka 1993 kuwafungulia mlango watangazaji binafsi, redio imekuwa chombo ambacho tajiri na maskini huketi mbele yake kwa daraja moja. Dereva wa daladala aliyebakiwa na shilingi za mafuta tu husikia habari za mafuriko, za barabara kufungwa na za msiba wa taifa katika dakika ile ile anayozisikia waziri. Simu humtaka dereva huyo alipe kabla ya kusikia, humtaka aishike wakati mikono yake inatakiwa usukani, na humwacha kabisa katika mapori ambako mtandao haufiki.

Suala hili litazidi uzito siku ambayo redio nayo itahamia dijitali, kama televisheni ilivyohama hapa kwetu kuanzia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, tukanunua ving'amuzi. Norwei imekwisha kuipita njia hiyo: mwaka 2017, mkoa baada ya mkoa, vituo vya taifa viliondoka FM na kuhamia mfumo wa DAB, na wenye magari makuukuu wakalazimika kununua kifaa cha ziada chenye antena yake ya kubandikwa kiooni, maana matangazo hayo hupita kwenye megahezi 174 hadi 240, ambako antena ya zamani haikukusudiwa. Umoja wa Ulaya ulitoa amri kwamba magari mapya yauzwayo toka Desemba 2020 yawe na redio ya dijitali, lakini amri hiyo haikuyagusa yaliyokwisha kuwako barabarani. Ikiwa katika nchi tajiri za namna hiyo mzigo ulimwangukia mwenye gari kuukuu, seuze kwetu, ambako gari lenye umri wa miaka kumi huitwa jipya siku linaposhuka bandarini.

Alhasili, mwenye gari la mtumba ni raia sawa na mwenye gari la kiwandani, na hewa ya nchi ni yao wote. Wenye yadi nawaomba waandike katika hati ya mauzo masafa ambayo redio ya gari inayapata, na wamkabidhi mnunuzi gari linalosikia toka 87.5 hadi 108, gharama ikiwa imejulikana na kuhesabiwa ndani ya bei. Mamlaka zinazosimamia mawasiliano naziomba, siku zitakapotafakari kuihamisha redio, ziyahesabu kwanza magari yaliyoko barabarani kabla ya kuihesabu minara. Na wewe mnunuzi, kabla hujatia saini, washa redio, izungushe mpaka mwisho wa namba, na ikikomea njiani, dai haki yako papo hapo.